Yukinari alikuwa karani kwanza, msanii baadaye

Fujiwara no Yukinari alizaliwa mwaka 972 na kufariki mwishoni mwa mwaka 1027 kwa kalenda ya Japani ya wakati huo. Wajapani humhesabu miongoni mwa mabingwa watatu wa hati wa zama za Heian, pamoja na Ono no Michikaze na Fujiwara no Sukemasa waliomtangulia. Akitajwa leo hutajwa kama msanii: mtu wa brashi, wino na karatasi za rangi, aliyeishi katika mji mkuu wa Kyoto ambako, kama wengi wanavyopenda kusadiki, wakubwa hawakuwa na kazi ila kutazama mwezi na kuandikiana mashairi. Picha hiyo inapendeza, lakini inamdhulumu mwenyewe. Yukinari alikuwa mtumishi wa serikali tangu ujanani hadi mwisho wa maisha yake, na hati yake ililelewa na utumishi huo. Anayetaka kuielewa sanaa yake hana budi kuanzia kazini kwake, na akifika huko atakuta pia mambo ambayo wapenzi wa sanaa wangependa yasiwepo.

Tutazame kwanza jinsi alivyopanda. Babu yake mzaa baba, Koremasa, alikuwa mtawala aliyeshika madaraka kwa niaba ya mfalme, lakini alifariki mwaka uleule aliozaliwa mjukuu. Baba yake, Yoshitaka, aliyesifika kwa ushairi, aliuawa na ndui mwaka 974. Katika kasri ambako kijana alipandishwa cheo kwa nguvu za baba yake, yatima huyu alibaki mikononi mwa babu mzaa mama, Minamoto no Yasumitsu, naye akafariki mwaka 995, mwaka wa maradhi ya kuambukiza yaliyowafyeka wakubwa wengi wa mji mkuu. Mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 24 kwa hesabu ya Kijapani, Yukinari aliteuliwa kuwa mmoja wa wakuu wawili wa ofisi ya makatibu wa mfalme. Aliyempendekeza ni Minamoto no Toshikata, aliyekuwa akiiacha nafasi hiyo. Visa vilivyosimuliwa baadaye vinadai kwamba mfalme alimwona Yukinari akitukanwa na mwenzake, aliyempiga kofia ikaanguka, naye akaagiza kwa utulivu iokotwe, bila kulipa kisasi. Kiwe kweli au kisiwe, kisa hicho kinamsifu kwa sababu inayostahili kuangaliwa: kilichompa ofisi ni ustahimilivu na busara. Uzuri wa mwandiko wake haukutajwa kabisa.

Ofisi yenyewe ilianzishwa mwaka 810 ili kutunza nyaraka za siri na kupitisha amri za mfalme. Mkuu wake alikuwa mdomo na sikio la mfalme. Alibeba maneno ya bwana wake kwenda kwa mawaziri na kurudisha majibu, akihakikisha kwamba kilichosemwa usiku kimeandikwa ipasavyo kabla ya kikao cha asubuhi. Yukinari aliishika kazi hiyo sambamba na nafasi katika idara iliyoandaa maagizo ya serikali. Nyaraka za dola hazikuchapwa. Kila amri na kila barua ya uteuzi ilitoka mkononi mwa mtu. Shajara yake, iitwayo Gonki, ambayo sehemu yake kubwa ni ya miaka ya 991 hadi 1011, imeandikwa kwa Kichina, lugha ya utawala wa Japani wakati huo. Imejaa habari za kazi: nani aliketi wapi, sherehe ipi ilifuata utaratibu gani, ujumbe gani ulipelekwa kwa nani na ukajibiwaje. Watu wa daraja lake waliandika shajara za namna hiyo ili watoto na wajukuu wao wawe na vielelezo vya kurejea kesho wakibishaniwa utaratibu.

Sasa tuuangalie mwandiko wenyewe. Mabingwa wa karne ya 9, akiwemo mtawa Kukai, walifuata kwa karibu mifano ya China. Karne ya 10, baada ya Japani kuacha kupeleka misafara ya kibalozi kwa watawala wa Tang, Michikaze alianza kuilainisha mifano hiyo, na Yukinari akaukamilisha mtindo ambao Wajapani wanauita wa kwao. Herufi zake zimetulia, zimepangwa kwa nafasi za kutosha, hazina makeke. Brashi inapunguza unene bila kukatika, na jicho linateremka mstari mzima bila kujikwaa. Wengi huuita utulivu huo ladha ya kiungwana. Mimi nauona pia kuwa ni tabia ya mkono uliozoea kuandika mengi, haraka, ili yasomwe na wengine bila kosa. Hati ya kujionyesha humchosha msomaji wa nyaraka. Hati ya Yukinari humhudumia.

Ushahidi ulio wazi zaidi hauko kwenye nyaraka za serikali, uko kwenye mzaha. Sei Shonagon, mwanamke aliyemtumikia Malkia Teishi, ameeleza katika kitabu chake maarufu cha kumbukumbu za kasri jinsi Yukinari alivyomletea siku moja vitumbua vilivyofungwa kwa karatasi nyeupe pamoja na tawi la maua. Ndani yake mlikuwa na barua iliyotungwa kama waraka rasmi wa ofisi, yenye maneno ya kuwasilisha bidhaa kwa kufuata desturi, cheo cha mpokeaji, na sahihi ya jina la bandia lililopindua jina lake mwenyewe. Malkia alipoiona aliusifu mwandiko. Mara nyingine Yukinari alimwandikia Sei Shonagon barua za utani kwenye karatasi za ofisi ya makatibu, na barua ya kwanza ikachukuliwa na mdogo wa kiume wa Malkia, mtawa wa cheo kikubwa, aliyeinama hadi paji la uso likagusa sakafu akiiomba. Zilizofuata zilichukuliwa na Malkia mwenyewe. Utani huo hauwezekani bila ofisi: karatasi ni za ofisi, muundo ni wa ofisi, na kichekesho kinatokana na ukweli kwamba kila aliyekuwepo alijua waraka halisi unavyofanana. Hata pale Yukinari alipocheza, alicheza kwa vifaa vya kazi yake.

Kazi zake za sanaa zilizosifika enzi zake nazo hazikuwa mbali na dola. Mwaka 999 Fujiwara no Michinaga, kiongozi wa ukoo aliyekuwa akiushika utawala wote taratibu, alimpeleka kasrini binti yake Shoshi, mwenye miaka 12 kwa hesabu ya Kijapani, awe mke wa Mfalme Ichijo. Miongoni mwa vifaa vya harusi vilikuwemo viwambo vya kukunja vyenye picha, na Michinaga akawataka wakubwa wenzake, hata mfalme mstaafu Kazan, watunge mashairi ya kubandikwa juu yake. Fujiwara no Sanesuke alikataa, akinung'unika kwamba haijapata kusikika wakubwa wa baraza kutunga mashairi kwa amri ya waziri. Alikuwa ameelewa kwamba viwambo vile ni orodha ya utii iliyovikwa nguo ya ushairi. Aliyepewa kazi ya kuyaandika mashairi hayo kwa brashi ni Yukinari. Mwaka 1008 Shoshi alipokuwa akirejea kasrini baada ya kujifungua mtoto wa kiume, baba yake alimzawadia nakala za diwani za mashairi zilizoamriwa na wafalme, na Murasaki Shikibu, mwanamke aliyemtumikia Shoshi, anamtaja Yukinari katika shajara yake miongoni mwa walioziandika. Diwani, viwambo na zawadi ndivyo vilivyomtambulisha binti yule kuwa Malkia asiye na mpinzani.

Hapo ndipo maisha haya yanapokuwa mazito, kwa sababu mpinzani alikuwepo, naye ni Teishi, yule yule aliyezisifu barua za Yukinari. Alikuwa amekata nywele zake mwaka 996, ishara ya kuingia utawa wa Kibudha, ndugu zake walipoangukia mikononi mwa sheria. Hata hivyo mfalme aliendelea kumpenda, na mwaka 999, siku ile ile Shoshi alipopewa rasmi hadhi ya mke wa mfalme, Teishi alijifungua mwana wa kwanza wa kiume wa Ichijo, Atsuyasu. Michinaga alitaka binti yake awe Malkia pia, jambo ambalo halikuwa na mfano: mfalme mmoja, wake wawili wenye cheo hicho kwa pamoja. Aliyeipata hoja ni Yukinari. Alimwambia mfalme kwamba wanawake wote waliokuwa na hadhi ya Malkia wakati huo ni watawa, na mtawa wa Kibudha hawezi kusimamia ibada za miungu ya Shinto ambazo Malkia wa ukoo wa Fujiwara anapaswa kuzitimiza. Kwa hiyo nchi inahitaji Malkia mwingine. Mfalme alikubali, na Shoshi akatawazwa mwanzoni mwa mwaka 1000. Mwishoni mwa mwaka huohuo Teishi alifariki baada ya kujifungua. Yukinari mwenyewe ameandika kwamba Michinaga alimshukuru na kumwahidi kuwa watoto wa nyumba zao mbili wataishi kama ndugu.

Mwaka 1011 mambo yalijirudia. Mfalme, akiwa mgonjwa, alimuuliza Yukinari kama inafaa Atsuyasu atajwe kuwa mrithi. Yukinari alikuwa msimamizi wa nyumba ya mtoto huyo, na mtu angetarajia amtetee. Badala yake alimkumbusha mfalme kisa cha karne ya 9 cha Mfalme Montoku, aliyempenda mwanawe mkubwa lakini kiti kikaenda kwa mdogo kwa kuwa babu yake mzaa mama alikuwa na nguvu. Maana yake ilieleweka. Mjukuu wa Michinaga ndiye aliyetajwa, na Ichijo akafariki majuma machache baadaye. La kushangaza ni kwamba shajara ileile inayotupa hoja hizo inaandika pia kwamba Shoshi, ambaye mwanawe ndiye aliyefaidika, alimchukia baba yake kwa jinsi jambo hilo lilivyoendeshwa. Karani aliyeushinda mjadala hakulifuta lililowatia aibu washindi.

Msomaji anaweza kunipinga hapa kwa kusema kwamba nimechanganya mambo mawili. Siasa ni siasa na mwandiko ni mwandiko. Makarani walikuwa wengi na wote waliandika kutwa, mbona hatuna Yukinari mia? Pingamizi hilo lina uzito na sitalikwepa. Kipaji kilikuwepo, na mapenzi ya sanaa yalikuwepo. Mwaka 1003 Yukinari aliota usiku kwamba amekutana na Michikaze, aliyekufa kabla yeye hajazaliwa, na bingwa huyo akamwahidi kumfundisha namna ya kuandika. Mtu haoti hivyo kama hati kwake ni ujira tu. Lakini ndoto hiyo ameiandika katika shajara yake ya kazi, pamoja na habari za vikao na sherehe. Kwake hapakuwa na daftari la msanii upande mmoja na daftari la karani upande mwingine. Sidai kwamba ofisi ilizaa kipaji. Ninachodai ni kwamba ilikipa mazoezi, karatasi, wasomaji, vielelezo vya kale vya kuiga na sababu ya kuandika kila siku. Kipaji kisichopata vitu hivyo hufa na mwenyewe.

Wengine watasema kinyume chake: kwamba alipanda cheo kwa sababu ya mwandiko, chanda chema huvikwa pete. Mabingwa wenzake wawili wanatuonyesha kuwa haikuwa hivyo. Michikaze alisifiwa kuliko wote, aliandika viwambo vya kasri mwaka 928, na rasimu yake ipo hadi leo. Lakini hakuwahi kufika kwenye baraza la wakubwa. Sukemasa alizaliwa katika ukoo wenye nguvu na hati yake ilitukuka, lakini vitabu vya kale vinamweleza kuwa mzembe, na waraka wake mashuhuri zaidi ni barua ya mwaka 991 aliyoiandika akiwa safarini kwenda kazini Kyushu, akimsihi mpwa wake amwombee radhi kwa mtawala kwa kuwa aliondoka bila kuaga. Baadaye alivuliwa wadhifa huo. Hati nzuri, basi, haikutosha kumpandisha mtu wala kumkinga. Yukinari alifika cheo cha mshauri mkuu mwaka 1020 kwa sababu aliiweka hati yake ndani ya utumishi makini, na kwa sababu alimchagua Michinaga mapema.

Pingamizi lililo gumu zaidi ni gombo la mwaka 1018, hazina ya taifa inayohifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo. Ndani yake Yukinari ameandika mashairi manane ya mshairi Mchina Bai Juyi juu ya karatasi zilizotiwa rangi na kuunganishwa. Hakuna amri humo, wala uteuzi. Ni mashairi tu, na mkono wa mtu aliyefikia ukomavu. Je, si sanaa tupu? Tulifuate gombo hadi mwisho. Hapo ameweka tarehe, siku ya 21 ya mwezi wa nane, kisha akaeleza kwamba ametumia brashi ya mnakili wa maandiko ya Kibudha, kwamba mistari imekosa mahali pake, na kwamba watakaoona wasicheke. Huenda huo ni unyenyekevu wa desturi. Hata hivyo angalia anachokijali: tarehe, kifaa kilichotumika, kasoro ya kazi na msomaji ajaye. Ni maelezo ya mtu aliyezoea kuukabidhi waraka pamoja na taarifa zake. Hata katika kazi yake huru zaidi, karani hakuondoka.

Kwa nini basi tumemsahau karani tukambakiza msanii? Sababu kubwa ni kilichonusurika. Gombo la mashairi limetufikia kwa mkono wake mwenyewe. Shajara yake ya kazi, iliyo ndefu na yenye manufaa zaidi kwa historia, tunaijua kupitia nakala za watu wengine wa karne zilizofuata, na nyaraka alizoandika kila siku zimetoweka karibu zote. Hata gombo lilinusurika kwa bahati. Mwaka 1140 Fujiwara no Sadanobu, mmoja wa wazao wake, alilinunua kutoka kwa mwanamke mchuuzi aliyekuwa akipitisha bidhaa, pamoja na ile rasimu ya viwambo ya Michikaze, na akayaandika hayo kwenye gombo lenyewe. Kazi za mabingwa wawili wa kasri zilikuwa zimefika mikononi mwa machinga. Tunachokiona makumbusho, kwa hiyo, ni kile ambacho wanunuzi walikithamini. Kazi za kila siku hakuna aliyezinunua. Tukimpima mtu kwa mabaki hayo peke yake tutapata nusu ya mtu.

Waliomfahamu karibu zaidi hawakukosea hivyo. Binti yake, aliyeolewa na mwana wa Michinaga na kufariki mwaka 1021 akiwa kijana mbichi, alikuwa na hati ambayo mwandishi wa shajara ya enzi hizo iitwayo Sarashina alipewa utotoni kuwa kielelezo cha kujifunzia. Wazao wa kiume waliunda shule ya hati ya Sesonji, yenye jina la hekalu alilolianzisha Yukinari mwaka 1001, na kwa vizazi vingi hadi karne ya 16 wakawa waandishi wa kasri, wakitegemewa kwa vibao, viwambo na maandishi ya sherehe. Walirithi hati na kazi kwa pamoja, wala hawakuona haja ya kuzitenganisha.

Limebaki wazo moja tu, kwamba mtu wa kale asihukumiwe kwa vipimo vya leo. Nakubali kwamba Yukinari hakuwa na uhuru wa kumpinga Michinaga kama raia wa leo anavyoweza kumpinga kiongozi wake. Lakini hukumu ninayoitoa haihitaji vipimo vya leo. Sanesuke aliishi wakati uleule, akakataa kutunga shairi moja. Shoshi aliishi wakati uleule, akamkasirikia baba yake. Yukinari alijua kulikuwa na njia nyingine, akachagua ya mwenye nguvu, na ni juu yake kwamba nyumba ya Teishi, iliyomfungulia milango alipokuja na vitumbua na utani, ilipoteza kiti mara mbili. Kusema hivyo hakuupunguzii thamani mstari hata mmoja wa gombo la 1018. Kunatuzuia tu kuuchukulia uzuri wa mwandiko kuwa hati ya usafi wa mwandishi.

Yukinari na Michinaga walikufa siku moja, ya nne ya mwezi wa kumi na mbili, mwaka 1027. Watakaomwandika Yukinari katika vitabu na kwenye kuta za makumbusho wanapaswa kuanza na cheo chake, wataje maamuzi aliyosaidia kuyapitisha mwaka 1000 na mwaka 1011, ndipo wasifu brashi yake. Anastahili sifa zote za hati anazopewa. Anastahili pia kusomwa kama afisa aliyekuwa na madaraka na akayatumia.